Mafiga Matatu Kutoka Maporomokoni

Tuliporudi kutoka kambini, baada ya maji kushuka, nyumba yangu haikuwepo. Au niseme ilikuwepo, ila imelala. Kuta za udongo zilikuwa zimerudi kuwa udongo, makuti yamekwenda na mto, na kitanda cha kamba alichonifumia marehemu mume wangu kilikuwa kimenasa juu ya mkoma kama mtu amekipandisha makusudi. Tope lilinuka ile harufu tunayoijua sisi watu wa Tana, ya samaki na majani mabichi yaliyolala majini. Mjukuu wangu Zena alikaa juu ya ndoo akalia. Mimi nilikuwa natafuta jiko.

Nilihesabu hatua kutoka shina la mkwaju, nikachokora tope kwa fimbo. Fimbo ikagonga. Ko. Nikasogea kidogo, nikachokora tena. Ko. La tatu nililiendea moja kwa moja. Mafiga yangu matatu yalikuwa pale pale nilipoyaacha, yameangaliana, kama watu walio katikati ya mazungumzo.

"Nyanya, unacheka?" Zena akaniuliza.

"Nacheka."

"Nyumba imekwenda, na wewe unacheka!"

"Nyumba itajengwa. Hebu niletee maji niwaoshe hawa."

Nyinyi wa rika langu mliolelewa huku chini, kuanzia Garsen mpaka vijiji vya Kau, hamhitaji kuambiwa, lakini wajukuu hawajui: kwetu hapakuwa na mawe. Mto ulituletea udongo, udongo, na udongo tena. Mtoto wa kwetu akitaka kumfukuza ndege shambani, alimtupia bonge la udongo. Mwanamke akitaka jiko, alikwenda kwenye kichuguu na jembe, akakata mabonge matatu, akayaanika juani mpaka yakauke kabisa, akateleka. Mvua ikinyesha kwa upepo, jiko linalainika. Akipika miezi michache, linapasuka. Anarudi kichuguuni.

Nyanya yangu Hamara ndiye aliyenilea, maana mama yangu alifariki sijaota meno. Siku moja, mimi nikiwa nimekaa na kibakuli changu mkononi nasubiri uji, bonge moja lilikatika. Chungu kikainama, uji wote ukamwagikia mguu wake wa kulia. Sijasahau sauti aliyoitoa, na sijasahau kwamba kitu cha kwanza alichosema ni, "Mtoto, wewe hujaungua?" Ule mguu ulichukua muda mrefu kupona, na ulipopona ulikuwa umekunjamana vidole, akawa anauburuta. Nilikuwa nikimsikia akija kabla ya kumwona: tap, shwaa, tap, shwaa.

Mwanawe wa mwisho, mjomba Komora, wakati huo alikuwa anaposa. Alimtaka Hawayu, binti wa Mzee Buya, msichana mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Na nyumba ya Mzee Buya ilikuwa na desturi yake: mposaji haulizwi jina wala hapewi kiti mpaka alete vibuyu vitano vya asali ya juu, ile ya nyuki wa huko kwenye miamba, si hii yetu ya mikoko. Tena vifike kabla mto haujajaa, kwa sababu kulikuwa na kijana mwingine wa Kau aliyekuwa akizungukazunguka pale na mtumbwi mpya. Mjomba akaamua kwenda juu, kupita Hola, kupita Madogo, mpaka kwa dada yake, mama mdogo Amina, aliyeolewa huko na mtu wa kabila la Wamalakote aitwaye Jillo. Jillo alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki.

Nyanya aliposikia, akamwambia, "Huko juu kuna mawe. Niletee matatu."

"Mama, nitarudi kwa mtumbwi, si kwa punda."

"Matatu tu, Komora. Nife nimeteleka juu ya jiwe."

Mimi nilipelekwa pia, kumbebea mama mdogo Amina mtoto, kwa kuwa ndiyo kwanza amejifungua. Asubuhi ya kuondoka nyanya alinivuta kando akaniambia, "Wanaume wataokota chochote kilicho karibu na mguu. Chagua wewe. Wewe ndiye macho yangu huko." Nilikuwa na umri kama wa miaka tisa. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi kubwa namna ile.

Tulipanda lori la dereva mmoja aitwaye Abdi, tukikaa juu ya magunia, na safari hiyo ina mambo yake lakini siyo ninayotaka kuyasema leo. Nilikaa kwa mama mdogo Amina mpaka akatoka arubaini. Mtoto, Guyo, alilala mgongoni mwangu mchana kutwa, nimemfunga kwa leso aliyonipa nyanya. Mjomba naye alikuwa akichonga mtumbwi wa kurudia nyumbani. Ulipokwisha, Jillo alisema asali iko tayari, ameiweka kwenye kibanda chake cha mizinga, karibu na maporomoko, na mawe pia yako hukohuko. Siku moja ya kwenda na kurudi. Nikalia mpaka nikachukuliwa.

Tuliondoka alfajiri. Jillo alisimama mbele na upondo wake wa kusukumia mtumbwi, mjomba nyuma na wake, mimi katikati na kata ya kukumbia maji. Mwanzoni mto ulikuwa ule ninaoujua, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na kingo za mchanga ambako mamba walilala midomo wazi. Halafu kingo zikaanza kubadilika. Zikawa nyeusi. Zikawa na kona. Nikaanza kusikia mngurumo.

"Mjomba, malori hayo?"

"Malori gani, mtoto?"

"Mengi. Kama la Abdi."

Jillo akacheka mpaka upondo ukamponyoka. "Shemeji, mpwa wako ameleta malori mtoni!"

Kona iliyofuata nikaona moshi. Moshi mweupe, mwingi, unapanda juu ya miti. Nikauliza ni nani anapika. Na Jillo, kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha asiyeweza kujizuia, akanijibu, "Kuna bibi mmoja pale. Anapika uji. Chungu chake ni kikubwa kuliko kijiji chenu chote na mbuzi wenu."

Yeye alisema akasahau. Mimi nilichukua kila neno.

Basi tulipotokea pale chini ya maporomoko, nikaona uji. Naapa niliuona. Mto mzima ulikuwa unamwagika kutoka juu ya mwamba mweusi, mzito, wa kahawia, na ulipoanguka chini ulitokota ukawa mweupe, ukarusha povu, ukatoa mvuke. Hewa ilitetemeka kifuani mwangu. Matone yalinipiga usoni. Wakaegesha mtumbwi, Jillo akaruka majini mpaka magotini, akanyoosha mikono anishushe. Nikapiga mayowe. Nikashika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili. Nilikuwa nikiutazama mguu wangu wa kulia, na nilichokuwa naona ni ule wa nyanya.

"Moto! Maji ya moto!"

Jillo alicheka tena, lakini mjomba Komora hakucheka. Aliniangalia, akauangalia mguu wangu, nadhani akaelewa. Akashuka polepole. Akatumbukiza mkono wake majini akauacha humo. Kisha akainama akaosha uso. Kisha akateka kwa viganja akanywa, akateka tena akanimiminia kwenye vidole vya mguu, tone kwa tone. Yalikuwa baridi kuliko maji ya mtungi.

"Yule bibi ameshazima jiko," akasema. "Shuka, mwanangu."

Nikashuka.

Sijui niwaelezeje mtu wa udongo anavyojisikia mara ya kwanza kukanyaga mwamba. Ardhi haikuingia katikati ya vidole vyangu. Ilinikataa. Nilipiga hatua nikasikia kisigino kikigonga mpaka kwenye meno. Tukavuka kijito kimoja kwa kukanyaga mawe yaliyokaa majini, na hapo tena nikagoma, maana najua bonge likikaa majini linayeyuka. Wanaume wawili wazima wameshalikanyaga, mimi nikilikanyaga ndiyo litakwisha. Nikachukua jiwe dogo, nikalizamisha, nikalishika humo ndani huku nikihesabu mpaka ishirini, ambako hesabu yangu ilikuwa inaishia. Nikalitoa. Lilikuwa lilelile. Nikalizamisha tena. Lilelile.

"Unaliua hilo jiwe," Jillo aliniita kutoka ng'ambo. "Njoo!"

Nikaanza kuchagua. Nilichagua matatu mazuri sana, ya mle mle majini, laini, ya mviringo kama kichwa cha Guyo. Mjomba akayasifu. Jillo akayatazama akamtazama mjomba.

"Shemeji, nyinyi watu wa matope mna kazi."

"Yana nini?"

"Nikikwambia hutaniamini. Kaeni nyuma ya mwamba ule."

Akakusanya kuni, akawasha moto, akaweka jiwe moja katikati, akaja akachutama nasi nyuma ya mwamba. Tukangoja. Nilikuwa karibu kulala aliposema "bado," na palepale jiwe likapasuka kama bunduki. Vipande vikaruka mpaka majini. Kimoja kiligonga ule mwamba tuliojificha.

Jillo akasema, "Jiwe la mtoni limekunywa maji. Lina maji tumboni miaka na miaka. Ukimpelekea mama mkwe wangu hilo, safari hii haitakuwa mguu tu."

Hakuna aliyecheka. Ningempelekea kifo nyanya yangu, na ningemchagulia kwa mikono yangu, kwa uzuri wa yale mawe.

Ndipo tukapanda. Tulipanda kwa miguu kando ya maporomoko, tukishika mizizi, mjomba nyuma yangu akinisukuma kwa goti, mpaka juu kabisa ambako mvuke haufiki, mawe yameokwa na jua tangu enzi. Huko Jillo alinifundisha kuchagua. Ligonge kwa kisogo cha panga, akaniambia. Likilia, chukua. Likikohoa, liache. Niligonga mawe mengi. Mengi yalikohoa. Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipopata la tatu.

Nikayapa majina hapohapo. Lile pana, lililokaa chini bila kuyumba, nikaliita Amina, kwa jinsi mama mdogo alivyokaa mkekani baada ya kujifungua. Lile lenye mstari mwekundu ubavuni nikaliita Jillo, ambaye alikuwa na kovu shavuni. Na lile refu jeusi, zito, lisilo na pambo, nikaliita Komora.

Mjomba akatia mawili kwenye gunia. Jillo akateremsha vibuyu vitano kutoka kibandani, viwili viwili. Lile jiwe Komora nililibeba mimi. Mgongo wangu ulikuwa umezoea mtoto, basi nililifunga jiwe kama nilivyomfunga Guyo, nikapiga mafundo mawili kifuani, nikateremka nalo. Kwenye mtumbwi nikalizungusha likaja mapajani, lakini sikulifungua. Nilikuwa nimeshapoteza moja motoni. Hili lisingetoka kwangu.

Kushuka na maji si sawa na kupanda. Chini kidogo ya maporomoko mto unabanwa na miamba, na mtumbwi wetu mpya ulikuwa umezama mpaka karibu na midomo yake kwa uzito. Tulikwenda kasi. Nikasikia ubao ukikwaruza jiwe, nikaona pua ikigeuka, halafu maji yakaingia ubavuni kama mtu anayemimina. Nikakumba. Nikakumba kwa kata, yakaingia zaidi ya ninayotoa.

"Shemeji! Mzigo!" Jillo alipiga kelele, amejikaza na upondo asitazame nyuma. "Tupa mzigo! Tupa mawe!"

Nikalikumbatia jiwe langu. "Mjomba, usitupe! Ya nyanya! Mjomba, ya nyanya!"

Mjomba Komora alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi tangu siku ile, lakini sijatazamwa hivyo tena. Kisha akainama, akashika kibuyu cha kwanza shingoni, akakitupa. Cha pili. Asali ni nzito, jamani. Kibuyu kilizama bila hata kurudi kuaga. Cha tatu. Cha nne. Alipofika cha tano alisita kidogo sana, kama mtu anayemeza mate, akakitupa. Mtumbwi ukainua pua, Jillo akaukita upondo, tukapita.

Mizinga ilikuwa imeshavunwa yote. Asali nyingine mpaka miti itoe maua tena.

Tulimwacha Jillo kwake, na siku zote za kurudi nyumbani, tukiteleza na mto kijiji baada ya kijiji, mjomba hakusema na mimi ila kwa lazima. Asubuhi ninamwamkia, "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Basi. Anapiga upondo, anatazama mbele. Mimi nilijua. Nilipiga mayowe kwa ajili ya mawe, akatupa asali yake, na sasa amenikasirikia na ana haki. Nilikaa katikati ya mtumbwi nimelifunga jiwe Komora mapajani na sikuthubutu hata kuomba maji.

Tulipofika, aliyabeba yote matatu mwenyewe kutoka kingoni. "Mama, mafiga yako. Aliyeyachagua ni huyu." Nyanya aliyapapasa moja moja, akapanga jiko, akateleka uji jioni ileile. Haukuyumba. Alikaa kwenye kigoda akautazama unavyotokota kama watu wanavyotazama bahari.

Ijumaa, mjomba alivaa kanzu akaenda kwa Mzee Buya mikono mitupu. Alirudi kabla chai haijapoa. Mto ulipojaa, mitumbwi ya harusi ilipita mbele ya kwetu ikielekea Kau, ina ngoma, na ndani yake amekaa Hawayu amefunikwa. Mjomba alikuwa kwenye mahindi, maji yamemfika vifundoni. Aliinua kichwa, akaangalia mpaka wakapotea kwenye kona, akaendelea kuvunja mahindi. Mimi nilijificha nyuma ya nyanya.

Tangu hapo, upawa wa kwanza wa uji pale nyumbani ulikuwa wa Komora. Kabla ya mgeni, kabla ya mgonjwa. Hata alipokuja kuoa, miaka mingi baadaye, mwanamke mwema aitwaye Mariamu, nyanya alimpelekea bakuli lake. Nyanya alipofariki, mafiga yalikuja kwangu, na nimewapikia hapo watoto saba na wajukuu nisiowakumbuka hesabu ila majina yao wote.

Mjomba alipozeeka, Mariamu ametangulia, nilimchukua nikamuuguza mimi. Siku moja mchana, nimemwegemeza ukutani ninamlisha uji, nikasema jambo nililolibeba tangu utotoni.

"Mjomba, nisamehe kwa Hawayu."

"Hawayu gani?"

"Wa Mzee Buya. Nilikulilia usitupe mawe, ukatupa asali. Hukusema nami njia nzima."

Alimeza uji. Alinitazama sana.

"Ulidhani nimekukasirikia wewe?"

"Ulinyamaza, mjomba."

"Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Mzee Buya. Kila nikiyapanga naona yananicheka." Akafuta mdomo. "Na wewe, miaka yote hii unafikiri nilichagua mawe?"

Nikakoroga uji bakulini.

"Mawili yalikuwa chini ya miguu yako, na la tatu umelifunga mwilini mafundo mawili, leso imelowa. Nani angefungua fundo lile? Ningetupa lile jiwe, ningekutupa na wewe." Akafungua mdomo kama mtoto, nikamtilia kijiko kingine. "Asali ilikuwa asali tu, mwanangu."

Hakuishi mwezi baada ya hapo. Nashukuru niliuliza. Nashukuru zaidi kwamba niliuliza nikiwa na kijiko mkononi, na uji wenyewe umepikwa juu ya mafiga yale.

Sasa tunajenga nyumba nyingine, juu kidogo, mahali ambapo wanasema mto haufiki. Jana Zena alikuja kuhamisha jiko. Alibeba lile pana, Amina, akarudi, akabeba Jillo. Lile refu jeusi lilimshinda mikononi, akatandika leso chini, akaliviringisha humo, akalirusha mgongoni kama mtoto na kuanza kupiga fundo kifuani, huku akicheka: "Nyanya, tazama mjukuu wako mpya!"

Nilisimama haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu.

"Fungua hiyo leso, Zena."

"Ni zito, nyanya."

"Najua uzito wake. Fungua. Pumzika njiani mara kumi ukitaka, lakini hilo libebe kwa mikono, ili siku ukiambiwa ulitupe, uweze."